Kupima likeni kama chanzo cha dawa za kuvu: mwongozo kamili kuanzia gome la mti hadi sahani ya maabara

Ukipanda Kilimanjaro, Meru au Mlima Kenya, ukifika ukanda wa msitu wenye ukungu utaona matawi yananing'inia nyuzi za kijani iliyopauka, kama ndevu za mzee. Hizo ni likeni za jenasi Usnea. Pwani nako, kwenye matawi ya mikoko na miti mingine inayopigwa na upepo wa bahari, kuna Roccella, ambayo katika karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kutengenezwa rangi ya zambarau. Tunazo karibu, na kwa sehemu kubwa hazijapimwa.

Likeni, au kuvumwani, si mmea. Ni kuvu inayoishi pamoja na mwani au bakteria wa kijani-samawati: mwenzake anatengeneza sukari kwa mwanga wa jua, kuvu inatoa makazi. Nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Kiumbe kinachokua polepole hivyo, kisichoweza kuhama, hujikinga kwa kemikali dhidi ya wadudu, jua kali na vijidudu. Wanakemia wameshatambua zaidi ya kemikali 1,000 za likeni, na nyingi hazipatikani kwa kiumbe kingine chochote. Asidi usniki, maarufu kuliko zote, ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1844.

Haja ipo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu, 19 kwa jumla. Nne zimewekwa daraja la juu kabisa: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Shambani, kuvu zinaozesha maembe na mapapai na kunyausha migomba.

Kuona kuvu imeshindwa kukua kwenye sahani ni jambo jepesi. Ugumu ni kuthibitisha kwamba iliyoizuia ni likeni unayoijua kwa jina, kwa kiasi unachoweza kukitaja, na si kiyeyushi (kimiminika kinachotumika kutoa kemikali) kilichobaki ndani ya dondoo, yaani kemikali zilizotolewa kwenye likeni. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya uthibitisho huo.

Kabla hatujaanza, jambo moja la usalama. Mwongozo huu ni wa maabara ya chuo, ya utafiti au ya shule yenye msimamizi. Usinywe dondoo ya likeni, wala usimpake mtu. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu waache kutumia LipoKinetix, vidonge vya kupunguza mwili vyenye chumvi ya asidi usniki, baada ya watumiaji kuumia ini. Baadhi ya asidi za likeni huwasha ngozi pia, kwa hiyo vaa glavu, na unaposaga vaa barakoa.

Piga hesabu kabla ya kuchuma

Watu wengi huanza na gunia. Anza na kalamu.

Asetoni hutoa asilimia chache tu ya uzito mkavu wa likeni. Tuchukue asilimia 5 kwa ajili ya kupanga: gramu 1 ya unga itakupa takriban miligramu 50 za dondoo. Kipimo cha kuchanganya dondoo kwenye agari (jeli ya chakula cha kuoteshea kuvu), kwa viwango vya mikrogramu 1,000, 500 na 250 kwa mililita, sahani 5 za mililita 20 kwa kila kiwango, kinakula miligramu 175. Hiyo ni gramu 3.5 za likeni kwa raundi moja, na raundi zinatakiwa tatu. Kipimo cha matundu madogo kwenye bamba la plastiki la matundu 96 kinatumia miligramu 0.4 tu kwa safu nzima ya viwango kumi.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nisisitize kuanza na matundu madogo kila inapowezekana. Gramu kumi za Usnea ni miaka mingi ya ukuaji. Anayekwangua mti mzima kwa ajili ya jaribio la kwanza ameharibu alichokuja kukisoma.

Vibali na uchumaji

Ndani ya hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi huchumi bila kibali, hata kama ni kiganja kimoja. Tanzania anzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kisha mamlaka ya eneo: TANAPA kwa hifadhi za taifa, TFS kwa misitu ya serikali. Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi, pamoja na KWS (wanyamapori) na NEMA (mazingira) kulingana na eneo na unachokusudia kufanya. Ukitafuta dawa unatumia rasilimali za kijenetiki za nchi, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu hasa jambo hilo: ruhusa kwanza, na makubaliano ya kugawana faida. Sampuli isiyo na karatasi zake haitachapishwa na jarida makini, wala haitavuka mpaka kihalali.

Kwa mafunzo, tafuta matawi yaliyoanguka. Msimu wa mvua upepo huangusha mengi, na likeni zake zitakufa pale chini kwa kukosa mwanga. Zilizo hai juu ya mti chukua kidogo kutoka miti kadhaa, ukibakiza sehemu kubwa ya kila moja. Epuka miti ya kandokando ya barabara kuu, kwa sababu likeni hunyonya madini na moshi kutoka hewani na utakuwa unapima risasi na masizi.

Tumia bahasha za karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na ndani ya siku mbili kuvu nyingine itaota juu ya sampuli yako. Juu ya bahasha andika palepale: tarehe, mahali na GPS, mwinuko, aina ya mti au jiwe, upande unaotazama, jina la mchumaji na namba. Tenga kipande kizima, kizuri, kisichosagwa, kwa ajili ya hebaria, yaani hifadhi ya vielelezo vilivyokaushwa. Hiki ndicho kielelezo chako cha kudumu.

Ipe jina

Usiandike "likeni ya kijani". Usnea peke yake ina spishi nyingi, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na kemia tofauti kabisa.

Kwanza angalia umbile: inaning'inia kama nyuzi, inatanda kama majani, au imegandamana na gome kama rangi iliyomwagika? Kuitambua jenasi Usnea, shika tawi moja la likeni lililolowa maji kidogo, livute polepole kwa vidole viwili. Ganda la nje litakatika na kuachana, na katikati utaona uzi mweupe unaonyumbuka bila kukatika haraka. Ramalina, ambayo huchanganywa nayo mara kwa mara, haina uzi huo.

Kisha vipimo vya tone. Vinahitaji vitu viwili vya bei nafuu: potasiamu hidroksidi ya asilimia 10, inayoandikwa K, na maji ya kung'arishia nguo yenye haipokloraiti, kama Jik isiyo na manukato, inayoandikwa C. Chini ya lenzi ya mkono, weka tone dogo kabisa kwenye ganda, na jingine kwenye nyama ya ndani baada ya kukwangua ganda kwa wembe. Angalia papo hapo, maana rangi nyingine hupotea ndani ya sekunde. K ikigeuza ganda kuwa njano, fikiria kemikali iitwayo atranorini. Ikianza njano kisha ikawa nyekundu kama damu, fikiria asidi salaziniki au norstiktiki. C ikitoa nyekundu, kama inavyofanya kwenye Roccella, kuna asidi lekanoriki au jamaa zake. K ikifuatiwa na C juu yake ikatoa njano ya dhahabu, inaashiria asidi usniki. K inaunguza ngozi na macho, vaa miwani. Kamwe usimimine C kwenye asidi, kwani gesi ya klorini itatoka. Fanya vipimo hivi kwenye kipande kidogo, na kipande hicho kisirudi kwenye sampuli ya kusagwa.

Kwa jina la spishi, tegemea kitabu cha Swinscow na Krog cha mwaka 1988 kuhusu likeni kubwa za Afrika Mashariki, na upeleke kielelezo hebaria: Nairobi iko kwenye Makumbusho ya Taifa, Tanzania kuna Hebaria ya Taifa Arusha na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Namba watakayokupa ndiyo itakayoandikwa kwenye kila chupa tangu hapo.

Kusafisha, kukausha, kusaga

Toa magome, mimea midogo ya mosi (moss), wadudu na vipande vya likeni nyingine kwa kibano chini ya hadubini ya kukuza kidogo. Inachosha, lakini tanini za gome nazo huzuia kuvu, na gome kidogo linatosha kupotosha jibu. Suuza haraka kwa maji yaliyotoneshwa kama kuna vumbi, usiloweke. Kausha kivulini kwenye hewa inayopita, kisha saga kwa kinu na mchi au mashine safi ya kahawa ambayo haitarudi jikoni.

Kutoa dondoo

Asidi nyingi za likeni haziyeyuki vizuri kwenye maji. Anayechemsha likeni kama chai na kusema haina kitu amepima maji. Asetoni ndiyo kiyeyushi cha kawaida: inatoa nyingi, na inaruka upesi. Methanoli pia hutumika, lakini ukiichemsha inavunja baadhi ya molekuli za likeni na kutengeneza nyingine ambazo hazikuwepo, kwa hiyo ibaki baridi.

Weka gramu 1 ya unga kwenye chupa ya glasi, mimina mililita 20 za asetoni, funika, tikisa mara kwa mara kwa saa 24 gizani. Chuja kwa karatasi ya kuchujia. Rudia na asetoni mpya mara mbili, unganisha maji yote matatu. Fanya haya ndani ya kabati la moshi (kabati la maabara linalovuta mvuke nje), mbali na moto na swichi zinazotoa cheche, kwani mvuke wa asetoni hushika moto kwa urahisi mno. Kausha kwa mashine ya mzunguko inayovukiza kiyeyushi (rotary evaporator) kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, au acha bakuli pana ndani ya kabati la moshi hadi kesho.

Sasa pima uzito. Pima tena baada ya saa kadhaa. Uzito ukiendelea kushuka, asetoni bado imo. Endelea hadi usibadilike. Kwenye glasi utaona utando wa njano au kahawia, na ikiwa ni Usnea, mara nyingi fuwele za njano zinazong'aa. Yeyusha kwenye DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji, kupata miligramu 100 kwa mililita, gawa kwenye vichupa vya rangi ya kahawia, weka kwenye friza.

Andaa pia dondoo bandia: asetoni ileile, kiasi kilekile, karatasi ileile, mzunguko uleule wa kukausha, ila bila likeni. Watu hulisahau hili, na ni ulinganisho wenye nguvu kuliko DMSO peke yake.

Kuchagua kuvu

Shuleni au kwenye maabara ndogo, chukua kuvu ya mimea. Ninayoipendekeza ni Colletotrichum, inayosababisha chule kwenye maembe na mapapai. Kata kipande cha milimita 5 pale doa jeusi linapokutana na ganda zima, kitumbukize kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika moja, suuza mara tatu kwa maji tasa, kausha, weka kwenye agari ya viazi. Agari hiyo ni viazi gramu 200 vilivyochemshwa na kuchujwa, sukari ya glukosi gramu 20, agari gramu 15 hadi 20, maji hadi lita 1, nyuzi 121 kwa dakika 15. Hamisha ncha ya ukuaji hadi upate kuvu moja safi.

Aspergillus flavus iache. Ndiyo inayotoa sumukuvu kwenye mahindi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumu hiyo iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Kuvu za binadamu, ikiwemo Candida albicans, ni za maabara yenye usalama wa kiwango cha 2. Kama unayo, tumia aina za kumbukumbu zenye namba za mkusanyo wa vijidudu, kama ATCC ya Marekani, na kila mara weka Candida parapsilosis ATCC 22019 kuhakiki kipimo chenyewe: flukonazoli, dawa ya kuvu inayojulikana, inapaswa kuizuia kati ya mikrogramu 0.5 na 4 kwa mililita (µg/ml) ukisoma baada ya saa 24. Ikitoka nje ya hapo, siku hiyo matokeo yote yanatupwa, hata yakipendeza. Walio na hamu ya mapunye wajue Trichophyton hukua polepole, na kusubiri siku 4 hadi 7 ni kawaida.

Kipimo cha matundu 96

Kwa Candida, chakula ni RPMI 1640, kimiminika cha kuoteshea, yenye bafa ya MOPS inayotuliza pH (kipimo cha uchachu) kwenye 7.0. Kutoka kichupa cha dondoo, punguza mara 50 kwa RPMI: unapata miligramu 2 kwa mililita yenye DMSO asilimia 2. Weka mikrolita (µl) 200 kwenye tundu la 1, na µl 100 za RPMI tupu kwenye matundu ya 2 hadi 10. Hamisha µl 100 kutoka la 1 kwenda la 2, changanya, endelea hadi la 10, na µl 100 za mwisho zitupe. La 11 liwe na RPMI yenye DMSO asilimia 2, la 12 RPMI tupu.

Tayarisha chachu, yaani hiyo Candida, ndani ya maji tasa hadi ukungu wake ulingane na McFarland 0.5 (kimiminika cha kulinganishia ukungu), punguza mara 1,000 kwa RPMI, na weka µl 100 kwenye matundu ya 1 hadi 11. La 12 lipate RPMI tasa. Sasa tundu la 1 lina 1,000 µg/ml, la 10 lina karibu 2, na DMSO haizidi asilimia 1 popote. Fanya safu tatu kama hii. Kwenye safu ya nne weka dondoo bila kuvu, na ya tano dondoo bandia pamoja na kuvu. Joto nyuzi 35, saa 24.

Hapa ndipo wengi hudanganywa na macho yao. Dondoo ikiingia kwenye maji, asidi usniki huganda na kuwa vumbi la njano, na tundu linaonekana lina ukungu wakati hakuna kilichoota. Linganisha na safu ya nne. Unaweza pia kuongeza resazurini, rangi ya bluu: ikibaki bluu hakuna uhai, ikiwa waridi kuvu inapumua. Lakini angalia resazurini kwenye safu isiyo na kuvu pia, kwa sababu kama dondoo yenyewe inageuza rangi hiyo, resazurini haikufai kwa likeni hii.

Kutoka matundu yaliyobaki safi, panda µl 10 kwenye agari ya Sabouraud. Kuvu ikiota, dondoo iliizuia tu; isipoota, iliiua. Haya ni majibu mawili tofauti, yaandike tofauti.

Kipimo cha agari, kwa kuvu zenye nyuzi

Yeyusha agari, iache ipoe hadi nyuzi 45 hadi 50, yaani unaweza kushika chupa bila kuiachia. Ongeza mililita 1 ya dondoo kwa mililita 99 za agari upate 1,000 µg/ml. Kwa viwango vya chini, ongeza DMSO ili kila sahani iwe na asilimia 1 sawasawa. Pima pH kwa karatasi: tunapima asidi, na uchachu peke yake unaweza kupunguza ukuaji. Weka katikati kipande cha milimita 5 kilichokatwa ukingoni mwa kuvu changa, nyuzi zikiangalia chini. Ulinganisho ni sahani yenye DMSO, yenye dondoo bandia, na yenye dawa ya shambani kama mankozebu.

Pima kipenyo pande mbili zinazokatana kila siku hadi sahani ya DMSO ikaribie kujaa. Tuseme ile ina milimita 72, yenye dondoo 31. Toa kipande cha milimita 5 kwanza: 67 na 26. Kizuizi ni (67 − 26) ÷ 67, yaani asilimia 61. Usipotoa kipande utapata 57.

Njia ya visahani vya karatasi juu ya agari, inayopendwa kwa sababu ya duara lake zuri lisilo na kuvu, siipendekezi hapa. Asidi za likeni hazipendi maji na hazisafiri ndani ya agari; kemikali kali inaweza kuonyesha duara dogo na dhaifu ikaonyesha kubwa.

Ni kemikali ipi?

Dondoo ikifanya kazi, itandaze kwenye bamba la kromatografia la silika, linalotenganisha kemikali kiyeyushi kinapopanda juu yake, pamoja na asidi usniki halisi. Kisha nyunyizia juu yake spora za kuvu Cladosporium ndani ya chakula cha majimaji, weka kwenye kisanduku chenye unyevu siku 2 hadi 3. Bamba litafunikwa na ukuaji wa kijani-nyeusi, isipokuwa madoa meupe palipo na kemikali inayozuia. Njia hii ilichapishwa na Homans na Fuchs mwaka 1970. Kama kiyeyushi chako kilikuwa na asidi asetiki, kausha bamba mpaka harufu ya siki iishe kabisa, la sivyo bamba zima litakuwa jeupe.

Kusoma na kuripoti

Jibu lako ni kiwango kidogo kabisa kinachozuia kuvu. Kwa dondoo ghafi, kikiwa chini ya 100 µg/ml ni jambo la kufuatilia. Kwa kemikali safi, watafiti wengi hutaka chini ya 10. Dondoo inayohitaji zaidi ya 1,000 iandike kwamba haikufanya kazi. Asidi usniki yenyewe ina nguvu zaidi kwa bakteria wa Gram chanya (kundi moja kubwa la bakteria) kuliko kwa Candida, kwa hiyo usishangae Usnea ikikupa namba za wastani. Kwa marudio yako matatu, kumbuka viwango vinaongezeka mara mbili mbili. Kwa hiyo toa wastani wa kijiometri (zidisha majibu matatu, kisha tafuta kipeuo cha tatu), si wa kujumlisha na kugawa.

Hatua inayofuata si kutafuta mgonjwa. Ni kupima dondoo hiyohiyo kwenye seli za binadamu zinazooteshwa maabara, hasa za ini. Inayoua kuvu kwa 60 µg/ml na seli za ini kwa 40 ni sumu, na inafaa kuelezwa hivyo kwenye ripoti.

Ripoti iwe na namba ya hebaria, namba ya kibali, uzito wa likeni na wa dondoo, kiyeyushi, namba ya kuvu, na jibu la kila ulinganisho, likiwemo la spishi ambazo hazikufanya lolote, ili anayekuja nyuma asizichume tena. Unga uliobaki uweke kwenye chupa kavu yenye namba ileile ya hebaria, gizani. Mtu mwingine akiomba kurudia kipimo chako, mpe huo.